Mdogo Wangu, Usiipeleke Bahasha Ile



Wiki hii nimeziweka kando barua za wachumba na za mikopo ya vikoba kwa sababu ya barua moja iliyonikosesha usingizi. Aliyeiandika ni binti wa miaka 27, fundi cherehani wa Morogoro, na ameniruhusu niieleze hapa bila jina lake. Alianza kwa adabu, "Dada, shikamoo," kisha akaumwaga moyo wote. Ameolewa miaka minne. Mimba tatu zimetoka, ya mwisho ilikuwa na wiki 11. Kwenye ibada ya maombezi mtumishi mmoja alimwambia kwamba bibi yake mzaa mama, aliyekuwa mkunga wa jadi, aliwafunga wajukuu kwenye madhabahu ya mizimu, na kwamba Mungu hatalifungua tumbo lake mpaka apande mbegu ya shilingi 500,000 kwenye bahasha. Fedha hiyo hana. Anafikiria kuuza cherehani. Mwisho wa barua ameandika, "Dada, Mungu ananidai nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole. Pole kwa watoto watatu, maana najua wengi wamekwambia "utapata wengine" na hakuna aliyekuandalia hata mkeka wa msiba. Mengine nitakueleza taratibu, lakini hili la cherehani halisubiri: usiiuze. Hiyo bahasha usiipeleke.

Sasa tukae chini, maana swali lako ni kubwa kuliko bahasha.

Nilikulia Dar, mtaa ambao duka ni la Mangi na kila nyumba ina ukurasa wake kwenye daftari lake. Mwezi ukiisha mama hajalipa, sisi watoto tulikuwa tunazunguka nyuma ya nyumba za watu ili tusipite mbele ya duka. Mangi mwenyewe alikuwa mtu mwema, hakuwahi kutufokea. Lakini daftari lilikuwepo, na tulijua jina la mama limo.

Nilipokuwa na miaka 23 baba yangu aliugua figo. Nyumba nzima tukafunga, siku 21 za maombi. Baba alifariki siku ya 19. Hapohapo msibani, mtu niliyemheshimu akanivuta pembeni akaniambia tulipungukiwa siku mbili. Mdogo wangu, tangu siku ile nikawa namzungukia Mungu nyuma ya nyumba za watu. Kanisani nilikwenda, kwaya niliimba, lakini ndani yangu nilikuwa mtoto anayekwepa duka. Niliamini Mungu yupo na ana nguvu. Nilichoacha kuamini ni kwamba ananipenda, na mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi bila jirani yake wa benchi kugundua.

Aliyenitoa huko ni bibi mmoja wa jumuiya yetu, mjane, ambaye siku hizi macho yanamsumbua na hunisikiliza nikimsomea. Siku moja aliniuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria. Hakuniuliza Mungu yukoje. Aliniuliza, "Mungu alijieleza tabia yake lini?"

Nikamwambia sijui. Akaniambia nifungue Kutoka sura ya 34.

Kumbuka kilichotokea kabla ya sura hiyo. Waisraeli wametoka Misri juzijuzi. Musa yuko mlimani anapokea amri, na huku chini watu wamekusanya hereni zao, wamesubu ndama wa dhahabu na wanamchezea ngoma. Musa ameshuka na mbao zile mbili za mawe zimevunjika chini ya mlima. Kama kuna siku Mungu alikuwa na haki ya kufungua daftari, ni siku zile. Na ndipo alipopita mbele ya Musa akalitangaza jina lake, na alichokitaja kwanza ni huruma. Halafu fadhili, halafu kwamba si mwepesi wa hasira, halafu rehema na kweli. Alijitambulisha hivyo kwa watu waliotoka kumkosea vibaya kuliko wakati mwingine wowote tangu awatoe utumwani.

Waliosoma Kiebrania hutufundisha kwamba neno la kwanza kwenye orodha ile lina shina moja na neno la tumbo la uzazi. Mdogo wangu, soma sentensi hiyo tena ukiwa umetulia. Mungu alipotafuta la kutanguliza kuhusu tabia yake, alitanguliza neno lenye undugu na mahali palepale panapokuuma wewe. Hata rehema yetu ya Kiswahili, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, imetoka kwenye shina hilohilo. Ndiyo tunayowapa mabinti zetu iwe jina, na ndiyo iliyomo ndani ya "marehemu", maana yake aliyerehemiwa. Kila tunapomtaja mtu wetu aliyetangulia tunasema hivyo bila kujua. Watoto wako watatu, hata kama hakuna aliyewapa jina wala kaburi, ni marehemu kwa maana hiyo kamili.

Na huko kutokuwa mwepesi wa hasira, Waebrania walikusema kwa kutaja pua. Pua na hasira kwao ni neno moja, nadhani kwa sababu mtu aliyekasirika hupumua kwa nguvu. Mungu, kwa lugha yao, ni mrefu wa pua. Bibi yangu wa jumuiya aliipenda sana hiyo. Alisema wengi tumelelewa na watu wafupi wa pua, ndiyo maana tunamwogopa hata yule ambaye si mfupi.

Najua mtumishi wako atakwambia niendelee kusoma, maana aya inayofuata inasema Mungu huwapatiliza watoto maovu ya baba zao mpaka kizazi cha tatu na cha nne. Ni kweli, imeandikwa, na sitaificha. Lakini tazama hesabu yenyewe. Rehema inakwenda kwa maelfu, adhabu inakoma kwenye vizazi vitatu au vinne, idadi inayoweza kukaa katika nyumba moja, kuanzia babu hadi kitukuu. Mzazi mlevi huwaumiza watoto, hilo tunaliona mtaani kila siku wala halihitaji ufunuo. Aya hiyo haikusema kwamba kuna mtoto asiye na kosa ambaye Mungu anamshikia kinyongo cha bibi yake mpaka alipiwe fedha.

Na watu walipoanza kuielewa vibaya, Mungu mwenyewe aliwakatiza. Nenda Ezekieli 18. Wayahudi wako uhamishoni Babeli na wana methali yao, kwamba wazazi ndio waliokula zabibu mbichi lakini ganzi ya meno wameipata watoto. Ni methali tamu ya kujihurumia. Mungu anawaambia waiache, wasiitumie tena katika Israeli, kwa kuwa kila nafsi ni yake na mwana hatauchukua uovu wa baba. Sura nzima inazungumza hilo tu, mfano baada ya mfano, kana kwamba alijua tutakuwa wazito wa kuelewa. Mimi naona ajabu kwamba makanisa yanayohubiri laana za ukoo kila Ijumaa ya mkesha huipita sura hii kama kituo ambacho basi halisimami.

Bibi yako alikuwa mkunga. Inawezekana nusu ya watu wa kijiji chenu walipita mikononi mwake. Sijui alimwamini nani, na wewe pengine hujui. Mwache apumzike. Na kama kweli kulikuwa na laana, Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba Kristo alikwisha kuichukua pale msalabani. Hakuacha shilingi 500,000 za kumalizia.

Lakini najua hoja haziponyi peke yake. Hata mimi nilipoisoma Kutoka 34 niliielewa kichwani na moyo ukabaki nyuma ya nyumba za watu. Kilichousogeza moyo ni Yesu na yule mama wa Luka sura ya 8.

Alikuwa anatokwa damu miaka 12. Wewe ni mwanamke, sina haja ya kukueleza. Kwa sheria ya Walawi sura ya 15 alikuwa najisi muda wote huo, na kila alichokalia kilikuwa najisi. Marko anasema alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga wala hakupata nafuu. Kwa hiyo anapomfikia Yesu, mkononi hana kitu. Huyo ndiye mwenye hali kama yako, mdogo wangu: damu, aibu, na mkoba mtupu. Anakuja kwa nyuma, anagusa pindo la vazi, anataka kuondoka kimyakimya. Amepona, basi, yaishe.

Yesu akasimama.

Fikiria alikuwa anakwenda wapi. Yairo, mkuu wa sinagogi, mtu mkubwa, ana binti wa miaka 12 anayekata roho. Kila dakika ina thamani. Umati unasukumana, wanafunzi wanamwambia Yesu kwamba swali lake, nani amenigusa, halina maana katika msongamano ule. Na bado anasimama, anangoja, mpaka yule mama anajitokeza akitetemeka na kusimulia yote mbele ya watu. Nilikuwa najiuliza kwa nini Yesu alimtoa hadharani, mbona asimwache aende na uponyaji wake. Siku hizi naona hivi: angeondoka hivyo, angeishi maisha yake yote akidhani ameiba. Angepona mwili na kubaki anamkwepa Mungu. Yesu hakutaka aondoke hivyo, akamwita "Binti." Katika Injili zote hakuna mwanamke mwingine ambaye Yesu anamwita hivyo ana kwa ana. Miaka 12 alikuwa najisi, na neno la kwanza analolipata ni la mtoto wa nyumbani. Hakuulizwa bibi yake alikuwa nani. Hakuombwa kitu.

Mkristo akitaka kujua Mungu ana tabia gani, pa kutazama ni hapo. Filipo alipomwomba Yesu awaonyeshe Baba, Yesu alimjibu kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Kwa hiyo hatuna Mungu wa siri nyuma ya Yesu, mkali, mwenye daftari, ambaye Yesu anamtuliza asitupige. Alivyomtendea yule mama ndivyo Mungu alivyo. Mtu akikuletea habari ya Mungu asiyefanana na yule aliyesimama njiani, una ruhusa ya kumkatalia, hata kama ameshika kipaza sauti.

Utaniuliza, na una haki, basi mbona watoto wangu hawakupona? Binti wa Yairo alifufuliwa. Wangu je?

Sina jibu la swali hilo, mdogo wangu, na ningeogopa kulipata kwa mtu anayelitoa haraka. Ninachojua ni jibu ambalo Yesu alilikataa. Alipoletewa habari za msiba, yeye mwenyewe akataja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, akauliza kama wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, na akasema hapana. Katika Yohana 9 wanafunzi wake wanamwona kipofu wa kuzaliwa na wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Ni swali la mtumishi wako lilelile, lina umri wa miaka karibu 2,000. Yesu akasema si huyu wala wazazi wake. Zaidi ya hapo naona machozi yake kwenye msiba wa Lazaro. Alijua atamfufua baada ya dakika chache na bado alilia. Huko kulia nimekutegemea kuliko maelezo yoyote niliyopewa msibani kwa baba.

Yuko pia Hana, mama wa Samweli, ambaye nina hakika umeshahubiriwa mpaka umemchoka. Nina moja tu la kuongeza. Alipokuwa anaomba hekaluni kwa uchungu, midomo inacheza na sauti haitoki, kuhani Eli alimdhania mlevi akamkemea. Kuhani, mtu wa Mungu, aliyekaa kwenye kiti chake pale mlangoni, alimwona mwanamke mwenye uchungu akamsoma vibaya. Kitabu kinasema Bwana alikuwa amemfunga tumbo, na bado hakimtaji kosa lolote. Eli alikuwa na cheo chake halali, na siku ile alikosea. Hana alimjibu kwa heshima kwamba hakunywa, akaeleza huzuni yake. Nawe unaweza kumjibu mtumishi kwa heshima. Huna haja ya ugomvi. Sema, "Mtumishi, nimeomba, na nimeamua kwenda hospitali," kisha ukae kimya.

Maana hospitali utakwenda. Mimba nyingi zinazotoka katika wiki 12 za mwanzo hutoka kwa sababu ya hitilafu katika kromosomu za mtoto, jambo linalotokea lenyewe pale mimba inapotunga, bila mama kukosea kitu. Lakini zikifika tatu, madaktari hutafuta zaidi. Nenda hospitali ya rufaa, uombe kumwona daktari wa wanawake. Muulize kuhusu kipimo cha sukari, cha tezi ya shingo, cha kaswende, na cha matatizo ya damu kuganda, na akutazame mfuko wa uzazi kwa ultrasaundi. Mumeo aende nawe, apimwe na yeye pia. Baadhi ya matatizo hayo yana tiba nzuri. Fedha ambayo ungeipata kwa kuuza cherehani, anza kuiweka kidogokidogo kwa kazi hiyo, au kwa bima ya afya. Luka mwenyewe, aliyetuandikia habari ya yule mama, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Sioni kwa nini Mungu aone wivu na daktari.

Kuhusu kuomba, usijilazimishe maneno mazuri. Katika habari ya mwana mpotevu kuna jambo dogo ambalo watu hulipita. Kule kwenye nguruwe yule kijana alitunga hotuba yake: nimekosa, sistahili kuitwa mwanao, nifanye kama mmoja wa vibarua wako. Njia nzima nadhani alikuwa anaikariri. Alipofika alianza vizuri, nimekosa, sistahili. Ile sehemu ya kibarua hakuisema. Baba alikwisha kumkimbilia tangu alipokuwa mbali, amemkumbatia, na sasa anaagiza joho na pete na viatu. Kijana alikuja na mpango wa kulipa deni kwa kibarua, na baba hakuungoja umalizike. Mpango wako wa cherehani naona ni sehemu hiyohiyo ya hotuba.

Na kama kwako hata neno "baba" ni gumu, kama lilivyo kwa wengi mnaoniandikia ambao baba alikuwa mkono wa mkanda au jina kwenye cheti tu, Isaya amempa Mungu sura ya mama anyonyeshaye, na kusema hata mama huyo akiweza kumsahau mtoto wake, Mungu hatasahau. Tumia hiyo. Hutakuwa umekufuru.

Usiku ambao huna neno kabisa, soma Zaburi ya 88. Imeanza kwa kilio na imeishia gizani, haina hata mstari wa kufungia kwa furaha, na bado imewekwa humo ndani pamoja na nyingine 149. Aliyeitunga alimlalamikia Mungu usoni, wala hakuna aliyemfuta. Siku zenye unafuu soma Injili ya Luka, sura moja kila usiku. Ziko 24. Kila anapotokea mtu mwenye shida, jiulize jambo moja tu, Yesu alimtendeaje? Andika kwenye daftari lako la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma. Usiandike unachotakiwa kujisikia. Andika alichofanya.

Mwambie mumeo mkae siku moja muwalilie watoto mliowapoteza, ninyi wawili, mlango ukiwa umefungwa. Umeandika kwamba hajasema lolote tangu mimba ya tatu itoke. Wanaume wengi wamefundishwa kwamba mimba iliyotoka ni habari za wanawake. Inawezekana naye anazunguka nyuma ya nyumba za watu.

Jumapili hii nenda kanisani, lile la zamani ulikobatizwa kama hili jipya linakuumiza, ukae hata benchi la nyuma. Usibebe bahasha. Ukishindwa kwenda, baki nyumbani ushone.

Bibi wa jumuiya amenisikia nikisoma barua yako, ameniuliza unaitwa nani ili akutaje kwenye maombi ya alfajiri. Nimemwambia jina nimezuiwa kulisema. Akafikiri kidogo, akasema haidhuru, atakutaja kama Binti. Majibu ya vipimo yakitoka, niandikie.